Mji Mchanga na ada ya gari: kisa kimoja cha California, 2011 hadi 2017

Mwaka 2024 mswada wa fedha wa Kenya ulikuja na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Ikaondolewa mwezi Juni kabla haijawa sheria, na makelele yakahamia kwenye mambo mengine. Mimi nilibaki na swali langu: kama ingepita, nani angezila hizo fedha? Gari linachakaza barabara ya mtaa, linasimama kwenye maegesho ya mtaa, likigonga mtu askari wa eneo lile ndio wanaofika. Lakini sheria ya magari huandikwa makao makuu.

California wanatoza kitu cha namna hiyo tangu 1935. Kisa ninachokichambua ni cha mji mmoja wa huko uliozaliwa wiki ileile bunge la jimbo lilipouondolea chanzo kikubwa cha mapato yake. Jina la mji, la madiwani na la maofisa wake nimeyaacha. Nitauita Mji Mchanga, na neno hilo lichukue kwa maana zake zote mbili. Sheria, miaka na tarakimu za jimbo nimezitaja kama zilivyo, maana bila hizo hakuna cha kujifunza.

Usuli: fedha zinazokusanywa na mwingine

Ada yenyewe ni ada ya leseni ya gari. Mwenye gari huilipa kila mwaka kwa idara ya magari ya jimbo, DMV, anapohuisha usajili. Zamani magari yalitozwa kodi ya mali na kaunti na miji, kama nyumba na mashamba. Mwaka 1935 jimbo likasema: tuachieni sisi tukusanye kwa kiwango kimoja kila mahali, kisha tutawagawia. Tangu 1948 kiwango kikawa asilimia 2 ya thamani ya gari, na thamani hiyo hupunguzwa gari linavyozeeka. Mwaka 1986 wapigakura wakaandika kwenye katiba ya jimbo kwamba fedha hizi ni za kaunti na miji.

Mpangilio huu una akili yake. Gari huhama, na mji mmoja ukitoza ghali mwenye gari atasajili kwa shangazi yake mji wa pili. Ila ulizaa hali moja mbaya: anayekusanya si anayekula, na mlipaji hamwoni mlaji. Kwa mwenye gari ile ilikuwa kodi ya gari tu, tena yenye kuudhi. Kwamba ndiyo iliyowalipa zimamoto wa mtaani kwake, karatasi ya DMV haikumwambia.

Kodi inayochukiwa na isiyo na mtetezi ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Mwaka 1998 uchumi ulikuwa umenona, hazina ya jimbo imejaa, na gavana Pete Wilson na bunge wakakubaliana kuipunguza ada hii: robo kuanzia 1999, na kufikia 2001 punguzo likawa asilimia 67.5. Mwenye gari sasa alilipa sawa na asilimia 0.65 ya thamani badala ya 2. Miji isidhurike, hazina ya jimbo ingejazia pengo, dola kwa dola. Ndani ya sheria kulikuwa na kifungu kwamba hazina ikiishiwa, punguzo litasita na ada itarudi juu.

Hazina ikaishiwa. Juni 2003 serikali ya gavana Gray Davis ikakitumia kifungu kile, na ada ikatakiwa kupanda mara tatu kuanzia Oktoba. Wananchi walikuwa tayari wanakusanya saini za kumwondoa Davis madarakani. Arnold Schwarzenegger alifanya kampeni ambamo gari lilipondwa hadharani kwa tufe la chuma lililoachiwa kutoka kwenye kreni, kuonyesha atakavyoifanyia kodi ya gari. Davis akaondolewa Oktoba 7. Schwarzenegger akaapishwa Novemba 17 na siku hiyohiyo akaifuta nyongeza. Katikati ya vurugu hizo kuna miezi ambayo jimbo halikujazia pengo na ada ya juu haikuwa imeanza kuingia, na kaunti na miji zikakosa zaidi ya dola bilioni 1. Deni hilo lililipwa baadaye.

Kiraka cha 2004 na kiraka juu ya kiraka

Hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu mzizi wa kisa uko hapa.

Mwaka 2004 jimbo na serikali za mitaa walifanya mabadilishano. Ada ya gari ikabaki asilimia 0.65 moja kwa moja. Pengo ambalo hazina ilikuwa inalijazia, takriban dola bilioni 4 kwa mwaka, likageuzwa kuwa fungu la nyongeza la kodi ya ardhi na majengo. Kila mji ulipewa kianzio, kiasi ulichokuwa ukipokea, na kianzio hicho kingekua kadiri thamani ya ardhi na majengo ya mji inavyokua. Novemba mwaka huo wapigakura wakapitisha Pendekezo 1A lililoweka ulinzi kwenye katiba. Kwa miji iliyokuwapo lilikuwa biashara nzuri sana: nyumba hupanda thamani, gari hushuka.

Mji ambao haujazaliwa haukuwa na kianzio. Sifuri hata ikikua kwa asilimia 10 kila mwaka ni sifuri.

Wabunge waliliona hilo, na mwaka 2006 wakatia kiraka. Miji itakayoundwa baada ya 2004 ingelipwa kutoka kwenye mabaki ya ada ya gari yenyewe, kwa hesabu ya kichwa: dola 50 kwa mkazi, na katika miaka ya mwanzo idadi ya wakazi ingehesabiwa juu kuliko ilivyo, ili mji upate nguvu ya kusimama. Kwa hiyo California ikawa na miji ya aina mbili. Mikongwe ilikaa juu ya mwamba wa kodi ya majengo iliyolindwa na katiba. Michanga ilikaa juu ya ada ya gari, kwa kifungu cha sheria ya kawaida ambacho bunge lingeweza kukibadilisha alasiri yoyote.

Mji wenyewe

Mji Mchanga uko bara, upande wa mashariki wa Los Angeles, kwenye ukanda ambao makontena kutoka bandari za Los Angeles na Long Beach huletwa kwa malori na kushushwa kwenye maghala makubwa. Wakazi zaidi ya 90,000 walikuwa chini ya kaunti moja kwa moja. Walilalamika kwamba maamuzi ya wapi ghala lijengwe na malori yapite barabara ipi yanafanywa na watu wasiokaa huko wala kuvuta moshi ule wa dizeli. Walitaka baraza lao.

Kuunda mji California si kwenda kupiga mhuri. Tume ya kaunti inayosimamia mipaka ya miji hudai uchambuzi kamili wa mapato na matumizi, na sheria ya 1992 inataka kaunti isitoke na hasara mji unapojitenga. Uchambuzi ulifanywa, ukaonyesha mji utaweza kujitegemea, na ada ya gari ilikuwa nguzo ya hesabu zile. Machi 2011 wapigakura wakakubali. Mji ungezaliwa Julai 1, 2011.

Kilichotokea, kwa mfuatano

Juni 30, 2011, saa chache kabla ya mji kuzaliwa, nyongeza ya muda ya ada ya gari iliyowekwa 2009 ilikuwa inafika mwisho. Sehemu ya nyongeza hiyo ndiyo iliyokuwa inalipia ruzuku za polisi na usalama katika jimbo zima. Gavana Jerry Brown alitaka iendelee. Kuiendeleza kulihitaji theluthi mbili ya bunge, na upande wa upinzani ukakataa. Lakini tangu uchaguzi wa 2010 bajeti yenyewe iliweza kupitishwa kwa wingi wa kawaida. Kodi mpya haikuwezekana. Kuhamisha fedha zilizopo kuliwezekana.

Basi katika siku za mwisho za Juni ukapita mswada SB 89, mmoja wa miswada inayofuatana na bajeti. Ulichukua mabaki ya ada ya gari yaliyokuwa yanakwenda kwenye miji na kuyapeleka kwenye ruzuku za polisi, wakati huohuo jimbo likihamishia kaunti mzigo wa wafungwa wa makosa madogo. Kwa miji mikongwe ilikuwa hasara ya kukunja uso tu, kwani fedha zao kubwa zilishahamia kwenye kodi ya majengo. Kwa miji minne iliyoundwa baada ya 2004, yote katika kaunti moja, ilikuwa msiba. Ikijumlishwa walipoteza karibu dola milioni 15 kwa mwaka. Jimbo lilikuwa na mfuko mkuu wa takriban dola bilioni 86. Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu.

Mji Mchanga ulifungua milango Julai 1, kwenye ofisi ya kupanga katika safu ya maduka, ukiwa umepungukiwa zaidi ya dola milioni 6 kwa mwaka, karibu nusu ya fedha ulizotegemea kuendeshea huduma.

Maamuzi ya mji, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza haukuwa uamuzi: kurudi nyuma hakukuwezekana. Kura ilishapigwa, tarehe ilishafika. Kilichobaki ni kuishi.

Mji uliendeshwa kwa mikataba, mtindo ulioanzia Lakewood mwaka 1954, ambapo mji mdogo hauajiri polisi wake bali unanunua saa za doria kutoka kwa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Faida yake ilionekana mara moja. Hapakuwa na mafao ya wafanyakazi mamia wala magari ya kununua. Fedha zikipungua unapunguza saa za doria, na ndivyo walivyofanya. Hasara yake ilionekana baadaye kidogo: bei ya saa moja ya doria hupangwa na kaunti, na ilikuwa inapanda mwaka hadi mwaka. Mji usio na mapato yanayokua unanunua bidhaa moja, kwa muuzaji mmoja, kwa bei inayokua.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuchelewesha malipo kwa kaunti kwa huduma zilizokwisha kutolewa. Kwa lugha ya dukani, walikopa kwa mangi. Kaunti ilivumilia kwa sababu nyepesi kueleweka: mji ukifa, wakazi wale wote wangerudi mikononi mwake pamoja na mashimo ya barabara zao.

Kulikuwa pia na kesi mahakamani Sacramento, makao makuu ya jimbo, iliyofunguliwa na umoja wa miji. Haikuwaokoa. Katiba inasema fedha za ada ni za kaunti na miji, ila inaendelea kusema zitagawanywa kama sheria itakavyoelekeza. Ruzuku ya polisi wa miji ni fedha za miji pia, alimradi iko kwenye sheria. Waliodhani wamejenga ukuta waligundua wameacha mlango, na mlango wenyewe ulikuwa maneno machache tu.

Uamuzi wa tatu ndio ninaoupenda zaidi kuuchambua. Januari 2014 baraza la mji liliamua kuanza mchakato wa kuuvunja mji. Mara ya mwisho mji wa California kuvunjwa ilikuwa 1972, na mji ule ulikuwa kijiji ukilinganisha na huu. Hakuna ofisa aliyekuwa kazini aliyewahi kufanya jambo hilo. Nani angerithi mikataba? Nani angelipa deni? Sheria ilikuwa na vifungu, lakini vya karatasi, havijatumika miaka arobaini.

Je, walikuwa wanatisha tu? Nadhani mambo yote mawili yalikuwa kweli. Hesabu zilionyesha mji unakwisha, na kuanza mchakato mapema kulitoa muda wa kufunga kwa utaratibu badala ya kuamka siku moja akaunti iko tupu. Papo hapo barua ile iliyokwenda kwenye tume ya kaunti iligeuza lalamiko la bajeti kuwa habari. Mbunge anayeombwa aongeze fedha huweza kusema mwakani. Anayeambiwa mji katika eneo lake unakufa hana mwakani.

Upande wa gavana

Ni rahisi kumfanya Brown kuwa mtu mbaya wa hadithi. Alirudisha bila saini mswada wa kuiponya miji hii mwaka 2012, tena 2014, tena 2015, tena 2016. Mara nne, na baadhi ya miswada ilikuwa imepita kwa kura nyingi za pande zote mbili.

Lakini aliingia madarakani jimbo likiwa na nakisi na madeni makubwa, na hoja yake haikubadilika: msiniletee matumizi ya kudumu kwenye mfuko mkuu nje ya bajeti. Kwa mtu anayetazama dola bilioni 86, milioni 15 za kila mwaka bila mwisho ni mlango ambao wengine watapita. Sikubaliani naye, kwa sababu fedha hizi hazikuwa ombi jipya. Zilichukuliwa. Hata hivyo msimamo wake uliwafundisha watu wa Mji Mchanga kitu ambacho haki ya hoja yao haikuwafundisha: usipeleke mswada wako peke yake.

Nafuu ya kwanza ilikuja hivyo. Mwaka 2015 kifungu ndani ya sheria kubwa ya mambo mengine kilifuta deni la miji minne kwa kaunti, zaidi ya dola milioni 20, jimbo likiubeba mzigo huo. Mji haukupata senti ya mapato mapya, ila pumzi ilirudi.

Mwisho wa kisa: sheria ya gari ilitwaa, sheria ya gari ikarudisha

Aprili 2017 Brown alitaka SB 1, sheria ya kukarabati barabara kwa kuongeza kodi ya petroli senti 12 kwa galoni na kuweka ada mpya ya kila mwaka kwa magari, kati ya dola 25 na 175 kulingana na thamani. Ilihitaji theluthi mbili. Katika Seneti hiyo ni kura 27 kati ya 40, na ilipita kwa 27 kamili.

Seneta wa eneo la Mji Mchanga alikuwa ndiye aliyebeba miswada kadhaa iliyorudishwa. Kura yake ilihitajika. Sambamba na SB 1 zikaja sheria nyingine mbili: moja ikitenga dola milioni 427 kwa miradi ya usafiri katika kaunti ile, na nyingine, SB 130, ikiipa miji minne kile ambacho mikongwe ilikuwa nacho tangu 2004, fungu la kodi ya majengo badala ya ada ya gari. Ilianza mwaka wa fedha wa 2017–18. Mchakato wa kuvunja mji ukawekwa kando.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Mikataba ya huduma ilifaa, pamoja na kasoro yake ya bei. Mji wenye polisi wake ungelazimika kufukuza watu na kulipa kiinua mgongo. Huu ulipunguza saa. Uvumilivu wa kaunti ulifaa pia, na hapa kuna somo ambalo halmashauri nyingi hazilipendi: yule mliyejitenga naye ndiye atakayewakopesha. Sheria ya 1992 ya kutoidhuru kaunti, ambayo waanzilishi wa miji huiona kama faini, ilisaidia uhusiano ule usianze kwa ugomvi.

Kilichoshindikana ni uchambuzi wa mapato wa kabla ya kura. Sisemi hesabu zake zilikosewa. Zilijibu swali la kiasi gani zikasahau swali la nani anaweza kukiondoa na kwa kura ngapi. Kodi ya mauzo, kodi ya majengo na ada ya gari ziliwekwa safu moja ya jedwali kana kwamba uzito wake ni mmoja. Moja ililindwa na katiba, nyingine na kifungu cha 2006. Ningekuwa mshauri wao ningedai safu ya pili pembeni ya kila tarakimu: anayeweza kuibadilisha ni nani.

Kushindwa kwingine ni kwa watunga sheria, na hakukuwa na chuki ndani yake. Ukisoma SB 89 huoni mtu aliyedhamiria kuua mji. Unaona mtu anayetafuta fedha za polisi usiku wa mwisho wa mwaka wa fedha na kupata fungu ambalo kwa miji mingi halina uzito. Punguzo la 1998, mabadilishano ya 2004, kiraka cha 2006, tarehe ya mwisho ya 2009: kila moja lilikuwa na maana lilipofanywa. Yalipokutana, yalikutana juu ya miji minne isiyo na kura za kutosha kupiga kelele.

Msomaji wa Tanzania atatambua umbo la jambo hili. Kodi ya majengo ilihamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, mwaka 2016, na ada za mabango zikafuata 2017. Bajeti ileile ya 2017 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongeza shilingi 40 kwa lita ya mafuta. Hoja za ufanisi zilikuwepo na nyingine nzito. Lakini halmashauri iliyokuwa imepanga bajeti yake juu ya mabango ilijua hali ya Mji Mchanga bila kusafiri.

Baada ya 2011 hakuna mji mpya uliozaliwa California kwa miaka 13, mpaka Mountain House Julai 2024. Siwezi kusema SB 89 ndiyo sababu pekee. Ila mtu aliyekuwa anafikiria kuunda mji katika miaka ile alikuwa na mfano wa jirani mbele yake.

Mkazi wa Mji Mchanga akifungua leo karatasi ya kuhuisha usajili wa gari lake anaona mistari miwili inayohusu kisa hiki: ada ya zamani ya leseni, asilimia 0.65, na ada ya barabara ya 2017. Fedha ambazo mji ulirudishiwa, zinazosaidia kumlipa askari anayepita mbele ya nyumba yake, sasa haziko kwenye mstari wowote kati ya hiyo. Zimo kwenye karatasi nyingine, ya kodi ya nyumba.